Meza Yenye Watoto Kumi na Mmoja

Karakana, 4 Februari

Penseli,

Kaa chini kwanza, ndiyo usome. Nimepata meza ya kuandikia ambayo wewe na wachoraji wenzako huko kiwanda cha samani mkiiona mtaacha kazi kwa aibu. Imetoka kwa marehemu hakimu, yule wa nyumba ya kona karibu na mahakama. Mjane wake alinisimamisha njiani akaniambia nije na mkokoteni niichukue bure, kwa kuwa hawezi tena kuitazama. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akasema, "Fundi, ichukue kabla sijabadili nia."

Ni kazi ya mafundi wa zamani za babu zetu. Ina kifuniko cha kukunja, vibao vyembamba arobaini na viwili vilivyogundishwa juu ya turubai. Ukikivuta kinateremka polepole kama kope za mtu mwenye usingizi. Ndani kuna vishubaka vya barua, kila kimoja na upinde wake. Juu ina ngozi ya kijani. Chini, kushoto na kulia, ina watoto wa meza kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja anayekwama. Wadudu dumuzi hawajaigusa miaka yote hiyo, jambo ambalo sijaliona tangu nianze kazi. Hizo meza zenu za mbao za kubandika na miguu ya chuma hazina hata mtoto mmoja. Tasa kabisa.

Maneno ya watu hayakosekani. Hakimu aliugulia kwenye meza hiyo miaka miwili, akafa. Karani wake aliyeletwa nyumbani kumalizia majalada naye akaanguka, akarudishwa kwao akiwa hawezi kushika kalamu. Fundi viti, tunayechangia naye karakana, ameshahamishia benchi lake upande wa pili wa ukuta. Mimi nimecheka. Mbao ni mbao.

Nitaipiga msasa ndani na nje, kisha iwe ya Chiriku. Mtoto wa miaka tisa anayeongea kiasi kile anahitaji mahali pa kuyaandika. Mwambie mjomba yuko kazini.

Kaka yako

*

Ofisi ya michoro, 15 Februari

Kaka,

Mpwa wako aliisoma barua kabla yangu. Ameshawagawa watoto wa meza: wa kwanza wa madaftari, wa pili wa rangi, wa tatu wa siri. Nimekatazwa kuuliza siri gani.

Kuhusu utasa wa meza zangu, sikatai. Zamani mtu alipewa meza yenye kufuli, akaaminiwa na vilivyomo ndani. Siku hizi anayeagiza anataka kuona karatasi za kila mtu na miguu ya kila mtu. Wiki iliyopita nilichora meza ya watu sita, ubao mmoja mrefu, bila droo, bila kizuizi katikati. Meneja akaiangalia akasema bado kuna pa kujificha, nikaondoa ubao wa mbele. Kwa hiyo usidhani napenda. Nachora ninachoagizwa. Hiyo yako ikifika, Chiriku akiwa shuleni nitakaa mimi, nivute kifuniko, nipumzike kutazamwa.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Mtu hatoi kitu kama hicho hivi hivi. Siamini maneno ya watu, ila kila nikifika pale pa karani nasimama. Karani hakuwa mzee. Nenda kwa yule mama, umuulize kwa upole mumewe aliugua nini. Ukishajua, niandikie, hata kama ni jambo la kipuuzi.

Msalimie wifi. Mwambie lile gauni limenitosha, ila nisipumue.

Dada yako

*

Karakana, 20 Machi

Penseli,

Samahani kwa kuchelewa, na kwa mwandiko. Patasi iliniteleza, kidole kimefungwa kitambaa.

Nilikwenda. Yule mama ni mtu mpole. Alisema mumewe alikuwa akisumbuliwa na tumbo, kisha miguu ikafa ganzi, na madaktari wakasema ni umri na kazi ya kukaa. Basi. Umeona? Hakuna jini humo.

Kazi inakwenda. Nimebandua ngozi ya kijani, chini yake nikakuta unga mweupe mkavu kama chokaa, umejaa mpaka kwenye pembe za watoto wa meza. Nadhani ni gundi ya zamani iliyokufa. Nimeupuliza na kuupangusa wote. Sasa nipo kwenye vishubaka, na hivyo havitaki msasa wa mkononi, vinataka kidole kilichozungushiwa msasa, uso ukiwa umeingia ndani kabisa. Nikitoka nakuwa mweupe kama mwokaji mikate.

Mwambie Chiriku mtoto wa meza wa tatu nimemwekea kitasa kipya.

Kaka yako

*

Nyumbani, 2 Aprili

Wifi yangu,

Barua hii kaka yako hajui kama nimeiandika, na ukinipenda hatajua.

Hakukatwa na patasi. Vidole havimtii. Juzi alishindwa kufunga vifungo vya shati, akanigeuzia mgongo ili nisione. Chakula hakikai tumboni. Viganja vimekuwa vigumu na vina vipele kama magamba, na kila kucha imechorwa mstari mweupe kwa upana, kama mtu aliyepima kwa rula. Nywele nazikuta kwenye mto. Nikimwambia twende hospitali anasema ni vumbi tu, akimaliza meza atapumzika.

Wifi, ni mambo yale yale ya hakimu. Tumbo, kisha ganzi. Nilimwendea mke wa yule karani, akaniambia mumewe naye alianza hivyo hivyo. Mimi nimesoma, sikulelewa kuogopa vivuli, lakini naiogopa meza ile. Nikimpelekea chakula karakana nasimama mlangoni nasitasita kuingia. Imekaa pale imefungua kifuniko, na yeye kaingiza kichwa chake chote ndani.

Hanisikilizi. Wewe atakusikiliza, maana anaifanya kwa ajili ya mwanao. Mwandikie kwamba hamuitaki. Tunga sababu yoyote. Asijue tu kwamba imetoka kwangu.

Wifi yako

*

Ofisi ya michoro, 10 Aprili

Kaka,

Nina jambo dogo, usilichukulie vibaya. Tumepima chumba cha Chiriku na meza hiyo haitaingia. Na kusema kweli amebadili mawazo. Wenzake wote wana meza za kisasa, nyeupe, nyepesi, na mtoto hataki kuchekwa kwa kuwa na kitu cha kizee. Nimemletea moja kutoka kiwandani, ameipenda sana.

Kwa hiyo acha hapo ulipofika. Usiimalizie. Irudishe kwa mwenyewe au itoe nje, ukapumzike. Nasikia karakana yenu ina vumbi, na wewe si kijana tena.

Dada yako

*

Karakana, 22 Aprili

Dada,

Barua yako imenikuta nimeshamaliza. Meza iliondoka juzi na lori la mbao, dereva ana anwani yenu, anapitia miji mingine kwanza, atafika mwisho wa mwezi.

Sikujua kama mimi ni fundi wa vitu vya kizee. Siku sitini na tano nimeinamia meza ile, na siku nyingine mkono ulikataa nikatumia wa kushoto. Ungeniambia mwezi wa pili ningekuelewa. Baba angekuwa hai ningemuuliza tangu lini katika nyumba yetu mtu anapelekewa kazi ya mkono, anajibu kwamba ameshanunuliwa nyingine nyeupe.

Ikifika na haiingii, ipasueni kuni. Mbao zake ni kavu, zitawaka vizuri.

Fundi

*

Nyumbani, 11 Mei

Wifi yangu,

Nimemuumiza kaka na sikufanikiwa kitu. Meza ilifika tarehe thelathini. Nilikuwa kazini, na shemeji yako hakuwa na habari ya mpango wetu. Alimsaidia dereva kuiingiza, Chiriku akaikalia kabla haijatulia sakafuni. Niliporudi alikuwa ameshajaza watoto wote kumi na mmoja. Nilitaka itolewe. Alilia mpaka akapaliwa, na mimi nikalegea. Nikajiambia ni mbao tu.

Wifi, leo ni siku ya kumi na moja. Anaandikia hapo, anakula mkate hapo, anafungia biskuti kwenye vishubaka. Ijumaa alitapika. Jana akatapika tena. Asubuhi hii wakati namsuka aliniuliza kwa nini miguu yake inachezacheza ndani kama soda. Nilimaliza kumsuka, nikaingia bafuni nikashika sinki kwa mikono miwili.

Nimemweleza baba yake kila kitu. Hakucheka. Meza tumeifungia stoo, na Jumamosi ambayo yupo nyumbani tutaipasua na kuichoma yote, isibaki hata bawaba. Kaka mwenyewe alisema. Nitasimama hapo mpaka iwe majivu.

Yeye anaendeleaje? Nijibu ukweli.

Wifi yako

*

Hospitali, 13 Mei

Wifi,

Naandikia magotini. Nimejaribu simu ya posta mara mbili, kiwandani kwenu hakuna anayepokea. Barua hii nampa dereva wa lori, anaondoka sasa hivi.

Kaka yako amelazwa tangu Jumapili, miguu haimbebi. Daktari alimtazama kucha, akamuuliza anafanya kazi gani na ameshika nini. Nikakimbia karakana, nikakwangua unga uliobaki kwenye ile ngozi kuukuu, nikauleta ndani ya karatasi. Wameupima. Ni arseniki, sumu ya kuulia wadudu iliyotumiwa zamani, siku hizi imepigwa marufuku. Meza nzima imenyweshwa sumu hiyo. Ndiyo maana dumuzi hawakuigusa. Hakuna uchawi wifi, ni sumu, na kaka yako ameivuta kwa miezi miwili.

Amekumbuka alichokuandikia kwa hasira, akajaribu kushuka kitandani. Daktari anasema moshi wake ndio mbaya kuliko vyote.

MSIICHOME. Mtoeni mtoto chumbani, osheni mikono, mpelekeni hospitali leo leo, na mwonyesheni daktari barua hii.

Wifi yako

*

Nyumbani, 19 Mei

Kaka,

Tuko hai sote watatu. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umelala.

Dereva aliiacha barua Ijumaa kwa mlinzi wa kiwanda. Mlinzi akaiweka ndani ya kofia, akasahau. Jumamosi karibu na adhuhuri alipokuwa anakwenda kwake akakumbuka, akapita nyumbani. Wakati huo baba Chiriku alikuwa ameshapasua kifuniko kwa shoka. Vile vibao vyako arobaini na viwili vilikuwa vimetapakaa uani. Vitatu vilikuwa jikoni chini ya sufuria ya maharage, vinawaka, na Chiriku amechuchumaa mbele ya moto anachochea.

Nilisoma mstari wa mwisho kwanza kwa sababu ndio ulioandikwa kwa herufi kubwa. Sikumbuki nilivyofika jikoni. Nilimnyakua mtoto kwa mkono mmoja, nikamwaga maji kwa mwingine, ukapanda moshi mkubwa zaidi, tukatoka tunakohoa. Mlinzi alibaki amesimama na kofia yake mkononi, akidhani amefanya kosa.

Hospitali wametubakiza siku mbili. Sisi wakubwa hatuna kitu cha kutisha. Chiriku anayo sumu mwilini, si nyingi kama yako, na daktari anasema kwa kuwa siku ni chache itatoka. Anasema hivyo na mimi naitikia. Kisha kila asubuhi nachambua kitana chake unywele mmoja mmoja, na natazama kucha zake kwenye mwanga wa dirisha. Akinyamaza kidogo tu naita jina lake. Wewe unamjua, si mtoto wa kunyamaza. Ananiambia, "Mama, nafikiri tu."

Watu wa afya wamekuja na glavu, wameichukua meza na majivu na hata sufuria.

Ile barua ya meza nyeupe ilikuwa uongo mtupu. Aliitaka yako tangu siku ya kwanza. Nilidhani nakuokoa, na nikachagua maneno ambayo nilijua yatakuchoma kwa sababu ndiyo yangekuzuia. Nisamehe. Hakuna meza niliyowahi kuchora inayofanana na ile kwa uzuri, na bado sitaki kuiona tena.

Dada yako

*

Nyumba ya kona, 2 Juni

Fundi,

Nimesikia sokoni kwamba umelazwa, roho imeniuma. Watu wanasema ni meza ya mume wangu. Wewe ni mtu mwenye akili, najua huwasikilizi. Mimi wameshanichosha.

Kuna jambo nilipaswa kukueleza siku ile, ila nilikuwa naona aibu kulia mbele yako. Ukitaka meza idumu, usiache dawa. Baba mkwe wangu ndiye aliyenifundisha nilipoolewa. Kila mwaka kabla ya mvua nachukua unga mweupe wa kopo, vijiko viwili, nauchanganya na maji ya gundi, napaka kwa brashi ndani ya kila mtoto wa meza, kwenye vishubaka, na chini ya ngozi. Funga pua, maana unawasha. Nimefanya hivyo miaka thelathini na tisa. Ile mitatu ya mwisho niliongeza viwe vinne, kwa sababu dumuzi walikuwa wameingia kabati lililo pembeni yake na sikutaka waifikie. Mume wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba meza ile ingekuwa imeoza zamani kama si mikono yangu.

Nusu kopo bado lipo. Ningekutumia, lakini mjukuu wangu analetwa kuishi nami Jumatatu ijayo, na kitanda chake kidogo cha mbao nimekiona kina vitundu. Nitakipaka mwishoni mwa wiki.

Pona haraka.

Mama wa nyumba ya kona

*

Hospitali, 4 Juni

Penseli,

Wifi yako ndiye anayeandika, mimi nasema. Vidole bado. Ya kwako niliisamehe kabla sijafika kwenye kofia ya mlinzi, na hilo la kuni mnisamehe mimi.

Nakutumia barua ya yule mjane uisome mwenyewe. Tuliisoma hapa, wifi yako akasimama katikati ya mstari, nikamalizia kwa macho.

Hajui. Alimpakia mumewe sumu kila mwaka kwa kijiko, kwa mapenzi, akaongeza dozi ili aitunze meza vizuri zaidi. Akamuuguza miaka miwili, na katikati ya uuguzi mvua zikikaribia akachukua brashi. Anakaa pale nyumbani akiwa na nusu kopo na mtoto anayekuja.

Tumechana barua tatu. Nikimwambia kopo ni sumu, atajua mengine yote bila kuambiwa. Nisipomwambia, mtoto. Nimeogopa ugonjwa huu, nimeogopa kwa ajili ya Chiriku mpaka nikaweweseka mchana kweupe, lakini sijawahi kuogopa karatasi kama ninavyoiogopa hii. Ni ugumu wa kumjeruhi mtu ambaye hakunikosea.

Ningesubiri shauri lako, ila mwishoni mwa wiki ni kesho kutwa. Wifi yako ataipeleka leo kwa mkono wake, na hataondoka bila kopo.

Kaka yako

*

Hospitali, 4 Juni

Mama,

Anayekuletea barua hii ni mke wangu. Tafadhali isome akiwa amekaa nawe.

Kopo la unga mweupe usilifungue. Usikipake kitanda cha mjukuu wala kitu kingine. Mpe mke wangu, atalifikisha hospitali. Vyombo ulivyochanganyia, kijiko na brashi, viweke pamoja nalo. Daktari amepima unga ule ule uliokuwa chini ya ngozi ya meza na kukuta ni sumu kali inayoingia mwilini kidogo kidogo. Ndiyo iliyonilaza. Mpwa wangu naye imemgusa, ila anaendelea vizuri. Daktari anataka wewe mwenyewe upimwe, na mke wangu atakusindikiza.

Zamani iliuzwa wazi madukani kama dawa ya mbao. Aliyekufundisha hakujua, na wewe hukujua. Ungejua usingenipa meza, na usingeniandikia barua ya kunitakia kupona ukaeleza kila kitu kwa mkono wako.

Kitanda cha mtoto nitakitengeneza mimi nikitoka hapa. Vitundu vya dumuzi vinazibika.

Fundi

*

Nyumba ya kona, 10 Juni

Fundi,

Kopo limeondoka. Nimepimwa. Mtoto amefika, analala kitandani kwangu, na kile chake nimekitoa nje.

Hukuandika kitu kuhusu mume wangu. Nimeona mahali ulipomruka. Mke wako naye alimruka. Alinishika mkono akaongea habari ya kijiko na brashi, na macho yake yakawa sakafuni. Nawashukuru kwa kujaribu.

Alikuwa na tabia ya kulamba kidole akigeuza kurasa. Nilimgombeza kwa hilo miaka yote ya ndoa yetu, nikimwambia si adabu kwa mtu wa cheo chake. Alikuwa akicheka, anageuza ukurasa, analamba tena.

Wanangu hawajajua. Majirani hawajajua. Mke wa karani hajajua, na kwake nitakwenda mwenyewe, nikishaweza kusimama mlangoni kwake. Siogopi watakachosema. Naogopa saa za alasiri, mtoto akilala, nyumba ikatulia, nikabaki na mikono yangu hii mapajani.

Ukipona njoo, hata kama huna kazi ya kufanya hapa. Kaa tu. Ni wewe na mke wako pekee mnaojua, na mkiwa humu ndani sitalazimika kujifanya.

Mama